Kafe Resa kwa Njia ya Mkongo: Vua Kipi, Acha Kipi

Boxer na TVS zinazopangwa kijiweni zina undugu na pikipiki za Kiingereza kuliko wenye nazo wanavyodhani. Bajaj, watengenezaji wa Boxer, waliingia ubia na Triumph ya Uingereza mwaka 2020, na tangu 2023 Triumph ndogo za cc 400 zinatoka katika kiwanda cha Bajaj kule India. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo wa 2020, TVS waliinunua Norton. Royal Enfield ilianza kuundwa Chennai tangu miaka ya 1950, na leo ni ya Wahindi moja kwa moja. Hata BSA, iliyokuwa kampuni ya pikipiki kubwa kuliko zote duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, jina lake sasa liko chini ya Mahindra. Kwa hiyo kijana wa Mkongo, Rufiji, anayetaka kuigeuza Boxer yake ifanane na pikipiki ya Kiingereza ya zamani asichekwe. Anachokitaka kimo ndani ya ukoo.

Wengi huja na picha kwenye simu. Usukani umeshuka hadi usawa wa tangi, siti ni ya mtu mmoja yenye nundu nyuma, madigadi hayaonekani, taa ni moja ya duara, na injini iko wazi kama imevuliwa shati. Hiyo ndiyo kafe resa. Mafundi wa Kibiti na Ikwiriri wanaweza kuitengeneza. Sina shaka nao, nimeona wakifanya mambo magumu zaidi ya hayo. Shaka yangu ni moja tu, kwamba ikishatengenezwa itafika Ngorongo au itakwama njiani.

Ili ujue cha kuvua, jua kwanza wale walioanza walivua kwa sababu gani. Ace Cafe ya London ilifunguliwa mwaka 1938 kando ya barabara kubwa ya mzunguko, mahali pa madereva wa malori kunywa chai usiku. Baada ya vita vijana wenye pikipiki wakaifanya kijiwe chao. Walitaka kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160, kwenye lami, wakizunguka na kurudi kabla wimbo uliowekwa kafeni haujaisha. Mpaka Desemba 1965 hapakuwa na kikomo cha mwendo kwenye barabara za Uingereza nje ya maeneo ya makazi. Pikipiki za dukani hazikuwatosha, wakawa wanachanganya: injini ya Triumph kwa sababu ilikuwa na nguvu, fremu ya Norton kwa sababu ilishika njia. Fremu hiyo ilibuniwa na Rex McCandless wa Ireland ya Kaskazini na kuingia mashindanoni mwaka 1950. Mchanganyiko huo wakauita Triton. Usukani waliushusha ili kuukwepa upepo. Futresti zikarudi nyuma ili mguu usikwaruze lami kwenye kona. Siti ya abiria ikatoka kwa sababu abiria hakuwepo.

Kila walichokiondoa, barabara yao ndiyo iliyowaambia kwamba hakina kazi. Anayeiga pikipiki yao bila kuiuliza barabara yake anakuwa ameiga vyuma na kuiacha akili. Upepo si adui yako kutoka Kibiti kwenda Mkongo. Adui ni mchanga, mashimo, vumbi la kiangazi na dongo la masika.

Jiulize basi unapita wapi. Lami ya barabara ya Kilwa, Kibiti hadi Ikwiriri na daraja la Mkapa, ni jambo moja. Ukiiacha lami Kibiti ukaelekea Mkongo, Ngorongo hadi Mloka, ni jambo jingine. Na ukishuka Nyamisati kwenye maji ya chumvi, ni la tatu. Dereva wa boda huweza kuzipita zote ndani ya wiki moja, leo amebeba ufuta, kesho mgonjwa wa kuwahi kivuko cha Utete, keshokutwa mwalimu na begi lake. Kwa mtu huyu Waingereza walikuwa na jibu jingine lililotoka katika gereji zilezile: skrambla. Injini ileile, lakini usukani mpana, ekzosi iliyopandishwa juu ubavuni, matairi yenye meno makubwa. Miaka ya 1960 Triumph waliziuza kwa wingi Marekani kwa ajili ya watu wa jangwani. Hata leo Triumph za cc 400 zilitoka mbili kwa mpigo, Speed 400 ya lami na Scrambler 400 X ya njia mbaya. Ushauri wangu ni kuchanganya, kama wenyewe walivyochanganya: sura ichukue kwa kafe resa, viungo vichukue kwa skrambla. Tangi, rangi, taa ya duara na mstari ulionyooka wa siti vifuate picha. Kuanzia hapo kushuka chini, ifuate njia ya Mkongo.

Usukani ndio huguswa wa kwanza, na ndio huharibu wengi. Ukishushwa, dereva analala kifuani na uzito unakwenda mbele. Kwenye lami ni raha. Kwenye mchanga gurudumu la mbele lililoelemewa huzama na kutaka kwenda linakotaka, na mikono iliyobanana haina nguvu ya kulirudisha. Dereva wa mchangani hukaa nyuma au husimama kwenye futresti, akaiacha pikipiki icheze chini yake. Ukiwa umejikunja juu ya tangi huwezi kusimama. Chukua usukani ulionyooka na mpana, usiopanda juu sana, ufunge palepale penye vishikio vya zamani. Utainama kidogo, picha itatoka vizuri, na mikono itabaki na kazi yake. Futresti usizirudishe nyuma hata kidogo.

Fundi akimaliza, usimlipe bado. Washa injini, iache ingurume polepole, kisha kata usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Mngurumo ukipanda, kebo ya eksileta inavutwa, na siku ukigeuza kwenye njia nyembamba pikipiki itaondoka bila ruhusa yako. Kebo za klachi na breki nazo zisikunjike mahali. Usukani mfupi na kebo ndefu za zamani ni ndoa mbaya: kebo inakunjwa, waya unalika taratibu ndani ya ganda lake, na hukatika siku umebeba mtu.

Kwenye madigadi ya mbele, London na Mkongo wanakubaliana, kila mmoja kwa sababu yake. Wao waliyakata kupunguza uzito. Huku masika dongo jeusi la bonde la Rufiji hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma, na dereva anashuka na kijiti kukwangua. Wengine huyang'oa kabisa, halafu tope lote linarushwa kwenye mapezi ya injini na machoni. Injini hizi hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi hayo. Tope likikaukia pale, joto halina pa kutokea, na oili inaungua kabla ya wakati wake. Dawa ni madigadi ya juu, yanayofungwa chini ya taa na kuacha nafasi kubwa juu ya tairi, kama ya pikipiki za porini. Yakiwa mafupi na yamepakwa rangi ya tangi, yanapendeza kuliko unavyofikiri.

Sasa filta ya hewa, na hapa sitabembeleza. Kwenye picha za kafe resa utaona nafasi tupu chini ya siti, boksi la filta limetolewa na kabureta imevishwa kifilta kidogo chenye umbo la pia. Nafasi hiyo tupu ndiyo inayowavutia watu. Usifanye. Boksi la kiwandani limewekwa juu, mdomo wake umefichwa mbali na maji, na ndani lina nafasi ya kutuliza vumbi kabla halijafika kwenye filta. Kifilta kilicho wazi, nyuma ya lori la mbao kiangazi, kinameza mchanga. Mchanga uliopenya unasugua silinda na ringi za pistoni, na moshi wa buluu unafuata. Zaidi ya hapo, kabureta ilipimwa kwa hewa inayopitia boksi lile. Ukiliondoa hewa inazidi, petroli inapungua, injini inapata moto na kuanza kukohoa. Kuna mafundi wanaojua kubadili jeti za kabureta ili kusawazisha, lakini hata huyo fundi bora hawezi kubadili vumbi. Boksi libaki. Kama linakuudhi macho, lipake rangi nyeusi na ulifunike kwa kibati cha pembeni chenye namba, kama za mashindano.

Kifuniko cha cheni nacho kibaki. Boxer inakuja na cheni iliyofungiwa ndani, na watu wa picha hukimbilia kuitoa ili spoketi ionekane inang'aa. Cheni iliyo wazi kwenye mchanga huu, hasa ikiwa imepakwa grisi, inashika chembe na kujisaga yenyewe pamoja na spoketi zote mbili.

Ekzosi ina mambo mawili, kimo na kelele. Ile ndefu inayolala chini sambamba na ardhi ni nzuri kwenye lami, lakini kwenye vijito vya masika inakunywa maji na kwenye mabonde inakwaruza. Ipandishe ubavuni kama skrambla, uiwekee kinga ya bati yenye matundu ili abiria asiungue mguu. Abiria wa kike aliyekaa upande ndiye wa kwanza kuungua, basi kinga iwe ndefu na kaa ukijua upande anaokalia. Kuhusu kelele, kutoboa ekzosi au kutoa vyuma vya ndani hakukupi nguvu ya maana. Boxer ya 150 ina nguvu za farasi zipatazo 12. Triumph Bonneville ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na 46. Utakachoongeza kwa kutoboa ni sauti, na pengine utapunguza ule mvuto wa chini unaouhitaji kupandisha mzigo kwenye mchanga. Mngurumo wa Bonneville ulitoka kwenye pistoni mbili kubwa. Hautapatikana kwa drili.

Siti ndiyo inayogusa tumbo. Kafe resa ya kweli ni ya mtu mmoja, na boda ya mtu mmoja haileti chakula nyumbani. Mwambie fundi siti atengeneze siti moja iliyonyooka, ya watu wawili, nyembamba kuliko ya zamani, isiyo na mikunjo, na sponji yake iwe ngumu ili isilale baada ya mwezi. Nundu, kama lazima uwe nayo, iwe kipande cha bati au faiba kinachofungwa kwa bolti mbili nyuma na kutolewa Jumatatu asubuhi. Keria nayo ifungwe kwa bolti. Hapa ndipo ninapowaonya mafundi pia: msikate mkia wa fremu. Mirija ile ya nyuma ndiyo inayobeba shokapu, abiria na gunia. Mtu anaikata ili nundu ikae vizuri, anachomelea kipande cha bomba la maji, na wiki ya tatu kiungo kinafunguka kwenye shimo. Ikibidi kabisa kukata, mkato uwe nyuma ya mahali shokapu zinapofungwa, kipande kipya kiwe na bomba dogo ndani linaloingia pande zote mbili za kiungo, ndipo kichomelewe. Shina la usukani, shokapu za mbele na mkono unaoshika gurudumu la nyuma visiguswe na moto kamwe.

Na kabla ya kuchomelea chochote, toa betri na uchomoe CDI, kile kisanduku kinachoongoza cheche ya plagi. Umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita humo unaviua, na fundi atakuambia "iliharibika yenyewe". Tangi litolewe kabisa na kupelekwa mbali. Tangi lililokwisha petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndio unaolipuka, hivyo asikushawishi mtu kulichomelea mbonyeo bila kulisafisha vizuri. Mbonyeo huzibwa kwa patii na rangi.

Taa usiende kwa sifa. Duara moja kubwa mbele inatosha, yenye glasi nzima na kioo cha ndani kisichopauka. Ukijaza taa za rangi chini ya injini, jenereta ndogo ya pikipiki hizi haiwezi kuzilisha zote, na betri inakufa usiku katikati ya pori. Indiketa na taa ya nyuma zibaki hata kama kwenye picha hazipo, na refleta nyekundu uongeze, kwa sababu malori ya barabara ya Kilwa hayatakuona kwa mapenzi.

Jambo la usiku kwa watu wa Kibiti na Rufiji lina historia yake. Mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyozitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, pikipiki zilipigwa marufuku kutembea usiku katika wilaya hizo tatu. Wenye umri wa kukumbuka hawajasahau ilivyokuwa kusikia mngurumo nje baada ya magharibi. Pikipiki isiyo na namba, isiyo na taa ya nyuma, yenye kelele na dereva aliyejifunika uso, huku haionekani kuwa ya mtanashati. Namba yako ya MC ifungwe mahali inaposomeka, isikunjwe chini ya siti kama wafanyavyo wapenda picha. Kadi ya usajili ina rangi, namba ya injini na namba ya chesisi. Ukibadili rangi au injini, nenda TRA kadi irekebishwe kabla hujaanza kutembea. Na kama unanunua pikipiki chakavu kwa ajili ya mradi huu, soma namba hizo mbili kwa macho yako kwenye chuma, si kwenye karatasi peke yake. Namba iliyosagwa au kupigwa upya ni tatizo la mtu mwingine unalolinunua kwa fedha yako. Muuzaji awe ndiye mwenye jina kwenye kadi, na uhamisho ufanyike siku ya malipo.

Wa Nyamisati na visiwani waongeze hili. Chumvi haina haraka lakini haiachi kazi. Mwaka 1915 delta hii ya Rufiji iliimeza manowari ya Wajerumani, Königsberg, yenye chuma kizito cha kivita. Spoki zako hazitaisumbua. Kila pikipiki ikitoka kwenye boti au pwani, ioshwe kwa maji baridi ya kisima siku hiyohiyo, hasa chini ya madigadi, kwenye spoki na kwenye viungo vya umeme. Vyuma vilivyosuguliwa vikaachwa bila rangi ili ving'ae kama kwenye picha, kwa mtu wa delta ni kazi ya mwezi mmoja. Paka rangi. Bolti zipake grisi kabla ya kuzifunga, la sivyo utazikata kwa msumeno utakapotaka kuzifungua.

Fedha ikiwa ndogo, na kwa kawaida ni ndogo, ifuate utaratibu huu: breki kwanza, kisha matairi, kisha shokapu, na rangi iwe ya mwisho. Vijana wa Ace Cafe wenye akili walitafuta ngoma kubwa za breki za mashindano kabla ya kutafuta rangi ya fedha. Viatu vya breki vilivyokwisha na tairi lenye kipara kwenye pikipiki iliyopakwa rangi nzuri ni uongo unaotembea. Shokapu za mbele zibadilishwe oili. Wengi hawajawahi kuigusa tangu pikipiki itoke dukani. Ukiweka shokapu za nyuma ndefu kidogo ili kuinua kimo, pima cheni upya, kwa kuwa kukaza kwake kunabadilika, na uipime mtu akiwa amekaa juu.

Kofia ngumu ziwe mbili. T. E. Lawrence, yule mwanajeshi Mwingereza wa habari za Uarabuni, alianguka na Brough Superior yake Mei 1935 bila kofia na akafa siku chache baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, akaingia kuchunguza vichwa vya wapanda pikipiki wa jeshi, na kutokana na kazi yake jeshi la Uingereza likawalazimisha kuvaa kofia mwaka 1941. Sisi tuna sheria inayotaka dereva na abiria wote wavae, na bado ile ya abiria huning'inia kwenye kioo cha pembeni. Kutoka Mkongo hadi hospitali ya mifupa na vichwa ya MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, ni safari ndefu kwa mtu aliyepasuka kichwa. Mshikaki nao, pikipiki ikishafanywa nyembamba, usijaribu. Siti mpya haina nafasi ya mtu wa tatu wala breki hazina nguvu ya kumsimamisha.

Siku ya kuijaribu, toka peke yako asubuhi bila mzigo, nenda hadi Kibiti na urudi. Ukifika kaza bolti zote tena, kuanzia za usukani, injini, shokapu na keria, kwa kuwa vitu vilivyofungwa upya hujilegeza kwenye safari ya kwanza. Gusa waya kila mahali ulipopitishwa upya, uone kama kuna unaosugua fremu au kukaribia ekzosi. Ukirudi salama, siku ya pili beba gunia moja la mchele, siku ya tatu mtu. Vipuri ulivyovitoa, usukani wa zamani, siti, madigadi na ekzosi, vitie kwenye kiroba na uviweke juu ya dari. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi wa Mkongo atauliza kwanza kama siti ya zamani ipo.